Pikipiki ya Spoti kwa Anayeanza: Bawabu ni Muuzaji

Tangazo la pikipiki ya spoti iliyotumika halina maneno mengi. Linataja aina, mwaka, kilomita, rangi na bei, kisha mwishoni linaongezwa neno la kumtoa mtu wasiwasi: "Inafaa hata kwa anayeanza." Yaliyotangulia yote yana pa kuhakikiwa. Mwaka umo kwenye kadi, kilomita ziko kwenye dashibodi, rangi inaonekana kwa macho. Maneno hayo manne ya mwisho hayana mizani. Na aliyeyaandika ana masilahi yake, kwa sababu wanaozitamani pikipiki hizi ni wengi kuliko wanaoziweza, na muuzaji mwenye haraka hatapenda kuwafungia mlango walio wengi.

Swali la kama pikipiki ya aina hii inamfaa anayeanza lina jibu, na jibu lenyewe si siri. Nchi nyingi zimeliandika kwenye sheria zao za leseni. Kwetu Tanzania halijaandikwa popote, bei hailisemi na bima hailisemi. Limebaki mikononi mwa mtu mmoja tu: yule anayeuza.

Neno moja, mashine nyingi

Kwa mpita njia, pikipiki ya spoti ni ile iliyovikwa mabodi ya plastiki kuanzia taa hadi tumboni, usukani umeshushwa, na dereva amelala juu ya tangi. Vazi hilo linavaliwa na mashine zisizo na undugu. Yamaha R15 ya cc 155 ina nguvu ya farasi wasiofika 20. Kawasaki Ninja 400, iliyoingia sokoni mwaka 2018, ina farasi kama 45. Yamaha R6, ya cc 599, ina karibu 120. Ili kupata picha, Boxer ya cc 150, ile inayobeba abiria wawili na gunia la mkaa, ina farasi kama 12. Yaani R6 ina nguvu mara kumi ya Boxer, na uzito wake haufiki hata maradufu.

Cc nazo hazitoshi kutoa hukumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Japani ilitengeneza kwa wingi pikipiki za spoti za cc 400 zenye silinda nne, kama Honda CBR400RR na Kawasaki ZXR400. Zilikuwa na farasi 59, kiwango ambacho watengenezaji wa huko walikubaliana wasikivuke, na nguvu hiyo ilipatikana injini ikipiga kelele juu kabisa, ikizunguka mara 12,000 au zaidi kwa dakika. Ninja 400 ina silinda mbili, na nguvu yake inaanzia chini na kupanda taratibu. Zote mbili ni "mia nne". Muuzaji anayesema "usiogope, ni mia nne tu" bado hajasema kitu. Moja ni ya kujifunzia. Nyingine ni ya mtu mzoefu mwenye fundi mvumilivu, kwa sababu kaburaita nne za miaka thelathini iliyopita zina mambo yake, na vipuri vyake havipatikani kila duka.

Kwa hiyo kabla ya kujibu kama "spoti" inafaa, uliza kwanza: spoti ipi?

Ugumu wa mia sita uko wapi

Mjadala wenyewe hasa ni wa daraja la cc 600: Yamaha R6, Honda CBR600RR, Suzuki GSX-R600, Kawasaki ZX-6R. Hizi ndizo zinazovuta macho ya vijana, nazo zina asili ambayo matangazo huiruka. Zilitengenezwa kushinda mbio za dunia za daraja la cc 600. Taa, vioo na sahani ya namba ziliwekwa ili ziruhusiwe kutoka nje ya uwanja. Kila kinachozifanya bora uwanjani kinamgeukia anayejifunza akiwa barabarani.

Anza na mkono wa mafuta. Mtu anayejifunza hufanya makosa madogo ya mkono bila kujua. Akipita tuta, mwili unaruka na kiganja kinavuta mafuta kidogo. Akishtuliwa na daladala iliyochomoka kituoni, anakaza vidole. Kwenye Boxer makosa hayo yanaishia kwenye mngurumo. Kwenye R6 yenye injini iliyokwisha kupanda, mvuto huohuo mdogo wa kiganja unainua gurudumu la mbele au unaipeleka pikipiki mita kumi mbele ya pale mwenyewe alipokusudia kuwa. Ndiyo maana ile kauli ya siku zote, "we vuta mafuta taratibu tu," haimsaidii. Mtu anaweza kuahidi kutokwenda kasi. Hawezi kuahidi kwamba mkono wake hautatetemeka.

Breki ni sura ya pili ya jambo hilohilo. Gurudumu la mbele lina diski mbili zinazouma kwa vidole viwili. Anayeanza akishtuka hushika lever nzima kwa vidole vinne, tairi linajifunga, na pikipiki inalala kabla hajaelewa kilichotokea. Mfumo wa ABS huzuia hilo, lakini Ulaya iliulazimisha kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 mwaka 2017 tu. Nyingi ya mia sita zinazouzwa kwa mkono wa pili ni za kabla ya hapo, na hazina.

Tatu ni kasi isiyosikika. Gia ya kwanza ya R6 peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Mjini, ambako kikomo ni 50, dereva hamalizi hata gia moja, na bado anaiona mashine kama imelala usingizi. Hisia hiyo ndiyo mtego. Halafu kuna mambo madogo ya kila siku: usukani unaokata pembe finyu kiasi kwamba kugeuza kwenye foleni ya Ubungo ni kazi ya kushuka na kusukuma, uzito wa kifua unaokaa kwenye viganja, joto la injini mapajani, na bodi la chini linalokwaruza matuta yaliyojengwa kwa kuwaza lori. Pikipiki inayochosha mikono inamnyima mwanafunzi kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani saa nyingi za kuendesha bila kuumia.

Takwimu zinakubaliana na hayo. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilipochunguza vifo vya waendesha pikipiki mwaka 2007, ilikuta pikipiki za mbio za barabarani zina kiwango cha vifo vya madereva karibu mara nne ya aina nyingine, kwa kila pikipiki 10,000 zilizosajiliwa. Sehemu ya pengo hilo inatokana na umri na tabia ya wanunuzi. Lakini hilo halimpi muuzaji nafuu, kwa kuwa wanunuzi hao ndio hasa wanaompigia simu.

Wenzetu wameweka ngazi

Ulaya, tangu Januari 2013, leseni ya pikipiki imepangwa kwa ngazi. Ngazi ya A1 inaishia cc 125 na kilowati 11. A2 inaishia kilowati 35, ambazo ni farasi kama 47. Leseni kamili ya A hupatikana baada ya miaka miwili ya A2, au moja kwa moja kwa aliyefikisha miaka 24. Sheria hiyo ilizuia hata ujanja wa kuziba injini: pikipiki iliyopunguzwa nguvu ili iingie A2 haitakiwi kutokana na mashine yenye zaidi ya maradufu ya kiwango hicho. R6 ya kawaida inavuka maradufu hayo, kwa hiyo hata ikizibwa mpaka ikose pumzi haikubaliki. Honda CBR500R, iliyotoka mwaka huohuo wa 2013, ilipimwa nguvu yake ikae sawasawa kwenye kilowati 35. Kiwanda kiliisoma sheria, kikaichorea pikipiki.

Australia inapima kwa uwiano wa nguvu na uzito: mwanafunzi haruhusiwi kuzidi cc 660 wala kilowati 150 kwa kila tani. Japani ina leseni ya kawaida inayoishia cc 400, na ya juu yake ina mtihani wake. Zile CBR400RR na ZXR400 zilizaliwa kutokana na mpaka huo.

Sasa rudi nyumbani. Leseni ya Tanzania ina daraja A1 kwa pikipiki ndogo na daraja A kwa zinazozidi cc 125. Ukishaingia daraja A, hakuna ngazi nyingine juu yako. Kadi hiyohiyo ya leseni inakuruhusu Boxer ya cc 150 na Hayabusa ya cc 1,299. Bima nayo kwa kawaida haisaidii. Uingereza kampuni ya bima huangalia umri wa dereva, uzoefu wake na aina ya pikipiki, kisha hutaja bei inayoweza kumfanya kijana aghairi mwenyewe. Bima yetu ya lazima, ile ya kulinda watu wengine, haiulizi pikipiki ina farasi wangapi.

Bei inavyosukuma vibaya

Ingekuwa pikipiki zenye nguvu ni ghali siku zote, mfuko ungefanya kazi ya bawabu. Sokoni mambo yamegeuka. Mia sita iliyotimiza miaka kumi na tano imeshapoteza sehemu kubwa ya bei yake, wakati Ninja 400 au Yamaha R3 ya miaka michache bado inashikilia thamani kwa sababu ni mpya na ina wateja wengi. Mara nyingi zinakutana kwenye bei inayokaribiana. Kijana mwenye fungu moja la pesa anajiuliza: kwa nini nichukue ndogo wakati kubwa inauzwa hivyohivyo? Swali hilo lina akili. Kilichokosekana ni hesabu kamili.

Hesabu hiyo ina mistari mingi kuliko bei ya kununulia. Mia sita inataka tairi pana zinazoisha upesi na kugharimu zaidi. Mabodi yake yakivunjika kwa kuanguka tu gereji, bila mwendo, gharama inaweza kumla mtu mshahara. Vipuri huagizwa. Na kijana aliyemaliza fungu lote kwenye mashine hubaki na kofia ya bei ya chini kabisa na viatu vya wazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia kama 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Hakuna sehemu ya pikipiki yenye thamani ya kukaribia hiyo.

Upande wa pili, ile hofu ya "ndogo nitaichoka baada ya miezi sita" ina jibu la kibiashara. Pikipiki ya kujifunzia iliyotunzwa huuzwa tena kwa bei isiyo mbali na iliyonunuliwa, kwa kuwa nyuma yako yupo mwanafunzi mwingine. Ni kweli soko letu ni dogo, na R3 hazipatikani kila wiki. Hata hivyo, kusubiri miezi miwili ni nafuu kuliko kulipia chuma mguuni.

Na dereva wa bodaboda?

Kuna pingamizi la haki. Mtu aliyeendesha bodaboda miaka minane, mvua na jua, akipenya Kariakoo, atasemwaje kuwa ni anayeanza? Barabara anaisoma kuliko mwenye leseni ya Ulaya. Anajua ni daladala ipi itasimama ghafla na ni mama yupi hajaamua kuvuka.

Jibu linatoka kwenye utafiti wa zamani ambao haujapitwa. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza eneo la Los Angeles. Madereva waliopata ajali walikuwa na wastani wa karibu miaka mitatu barabarani, lakini zaidi ya nusu yao walikuwa na chini ya miezi mitano kwenye pikipiki ileile waliyoangukia. Asilimia 92 walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Na katika ajali ya kawaida, muda wa kufanya lolote la kujiokoa haukufika sekunde mbili.

Maana yake, ugeni na mashine ni ugeni wa peke yake. Ndani ya sekunde mbili mtu hafikiri. Mikono inafanya ilichokizoea. Mikono iliyozoea kukamua breki dhaifu ya Boxer itazikamua vivyo hivyo diski mbili za CBR. Dereva wa bodaboda hahitaji kurudi chuoni kuanza na A, B, C. Anahitaji daraja la kati, na miezi ya kwanza ya kujihesabu mgeni hata kama mtaa mzima unamwita bingwa.

Kuuza kwa haki

Yote haya yanamfikia muuzaji siku ya mauzo. Tuseme kijana amefika gereji Sinza jioni.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kuiona ile R6."

"Marahaba, mdogo wangu. Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Mpaka sasa umeendesha nini?"

"Boxer ya mjomba. Miezi minne."

Hapo muuzaji ana njia mbili. Anaweza kuiwasha injini na kuacha sauti ifanye kazi. Kizuri chajiuza, na ekzosi ya R6 inajiuza kuliko dalali yeyote. Au anaweza kumwambia: "Mdogo wangu, hii si ya kuanzia. Kaendeshe ndogo mwaka mmoja, kisha njoo." Hasara ya njia ya pili ni mteja mmoja. Hasara ya kwanza haijulikani mpaka simu ilie.

Haki ya muuzaji haiishii kwenye ushauri. Wafanyabiashara wa pwani walilelewa kwamba kasoro ya bidhaa hutajwa kabla ya pesa kubadili mkono, na pikipiki ya spoti ina kasoro nyingi za kufichwa chini ya plastiki. Kama imewahi kuanguka, sema, kwa kuwa anayejua kusoma ataiona: mikwaruzo kwenye ncha za usukani, lever zilizofupishwa, vikanyagio vilivyolika upande mmoja, kovu kwenye kifuniko cha injini, alama ya kugongwa pale usukani unapokomea. Onyesha tarehe ya tairi. Tarakimu nne ubavuni hutaja wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokauka miaka minane halishiki lami ya mvua. Usiipashe injini moto kabla ya mteja kufika, maana uwashaji wa asubuhi injini ikiwa baridi ndio unaosema ukweli. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na ile ya injini zifanane na kadi, herufi kwa herufi.

Kwenye majaribio, anayeanza asipande. Aje na mtu mzoefu anayemwamini, mwenye leseni na kofia, na thamani ya pikipiki iwe imewekwa mezani. Kumpa mgeni mia sita "azunguke tu hapo nje" ni kumtahini katika somo ambalo hajafundishwa.

Makaratasi yasicheleweshwe. Tanzania uhamisho wa umiliki hufanyikia TRA, mamlaka ya mapato, kwa mkataba wa mauziano na kadi halisi. Kenya, sheria ya barabarani humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inatoa siku 14 za kutumia chombo barabarani kabla jina jipya halijaandikwa. Wauzaji wengi hupokea pesa, wakatoa kadi na kusahau. Wakati huo kijana yuko barabara ya Bagamoyo na mashine ambayo kwenye daftari la serikali bado ni yao.

Hukumu

Pikipiki ya spoti iliyotumika inaweza kumfaa anayeanza. Iwe na farasi wasiozidi takriban 47, silinda moja au mbili, na ikipatikana yenye ABS, ipendelewe hiyo. Iwe na tairi changa na historia inayosemeka, na bei yake iache pesa ya kofia, glovu, koti na viatu. R15, R3, Ninja 300 au 400 na KTM RC 390 zinaingia humo, na CBR500R iko mpakani. Mia sita za mbio haziingii, hata ziwe nzuri, hata ziwe rahisi, hata mwenyewe aape kwamba atakwenda taratibu.

Mpaka siku leseni zetu zitakapowekwa ngazi, mwenye kuuza ndiye anayeshika mlango. Kama unayo mia sita na unataka kuiachia mwezi huu, liandike tangazo lako kama ulivyozoea: aina, mwaka, kilomita, rangi, bei. Kisha pale mwishoni andika maneno matatu: "Si ya kujifunzia." Anayeiweza atakuja tu, na atakuamini zaidi katika hayo mengine uliyoyaandika.